Mzigo wa Kuagia

Nikutegee, nawe usikimbilie kujibu: kila siku nakwenda na kurudi, na tangu niwekwe hapa sijaondoka. Umefikiri? Umekwama? Basi nipe mji. Umenipa Lautoka, kule visiwani mbali, nami nimeupokea kwa mikono miwili, maana ni mji mtamu huo. Unanuka sukari msimu wa miwa ukianza, majivu ya kiwandani yanadondokea nguo zilizoanikwa, na hakuna anayelalamika ila wenye nguo nyeupe. Jibu ni mlango. Lakini pale Lautoka, kwenye banda la Bibi Titilia la kava, kinywaji cha mizizi kinachotia ulimi ganzi, ubavuni mwa soko, ukitega kitendawili hicho watakwambia jibu ni Eroni. Ndiyo maana wakamwita Bawaba.

Bawaba alikuwa mwoka mikate. Alianza kwenye bekari ya Mzee Bechu akiwa kijana ambaye ndevu zake bado zinajishauri zitoke au zisitoke. Sasa zimekuwa na rangi ya unga, naye mwenyewe hajui kama ni uzee au ni kazi.

Jumamosi moja, jua likiwa bado juu ya paa za soko, aliingia bandani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa gazeti. Akakisukuma chini ya benchi kwa kisigino, akakaa kama mtu aliyekuja mikono mitupu. Hakuna aliyemuuliza, kwa sababu Redio alikuwa hewani.

Redio ni Ilaitia, msukuma toroli. Kila gazeti linalokuja sokoni kufungia samaki hupitia kwake kwanza.

"Sikilizeni hii," alisema. "Mama mmoja, mtandika vitanda wa hoteli kule upande wa Nadi, katimiza miaka thelathini kazini bila kuhama. Hoteli wamempa zawadi."

"Nyumba?" aliuliza Bibi Titilia, anakamua kitambaa cha kava ndani ya bakuli lake la mbao.

"Kulala hotelini bure, siku mbili. Hoteli ile ile."

Bibi Titilia akainua uso.

"Kwenye chumba alichokuwa anakitandika?"

"Hicho hicho. Wanasema alifurahi mno. Asubuhi akaamka mapema, akatandika kitanda."

"Na bakshishi akajiachia juu ya mto," alidakia Panzi. "Akatoka nje, akabisha hodi, akaingia, akaiokota, akajishukuru."

Wakacheka mpaka Bibi Titilia akaacha kitambaa kizame. Panzi jina lake la kuzaliwa ni Hardeo, na alikuwa ameshafanya kazi kila mahali penye mlango wa kuingilia, hasa pakiwa pia na wa kutokea. Alikuwa kiwanda cha sukari, akaacha kwa sababu kila kitu alichokula kilikuwa kitamu, hata pilipili. Akashona mifuko kiwanda cha nguo, akaacha kwa sababu mifuko yote ilikuwa ya watu wengine. Akaendesha teksi, akaacha kwa sababu abiria walitaka kuchagua wenyewe wanakokwenda. Akacheza ngoma ya moto mbele ya watalii. "Nyusi zangu ndizo zilizotangulia kuacha kazi ile," alipenda kusema. "Mimi nilizifuata."

"Mnaona sasa," alisema Panzi, akipokea kifuu cha kava. Akapiga kofi moja la viganja vilivyoviringwa, akakinywa chote kwa pumzi moja, wenzake wakampigia matatu. "Mtu akikaa pahali pamoja anageuka fenicha. Siku ya kuhesabu mali za kampuni anapigwa namba mgongoni. Meza, meza, kabati, yule mama, kabati."

"Afadhali fenicha," alisema Redio. "Wewe mtani wangu siku ukifa, tangazo lako redioni litasomwa mpaka tutakuwa tumeshakuzika. 'Marehemu aliwahi kuwa dereva, aliwahi kuwa mshonaji, aliwahi kuwa mcheza moto.' Betri zitakwisha kabla hawajafika kwenye jina."

"Na la Bawaba je?" aliuliza Panzi.

"La Bawaba fupi. 'Marehemu alikuwa bekari. Leo mikate hakuna.'"

Bawaba akacheka na wenzake, lakini kicheko kilimtoka upande mmoja tu wa mdomo. Kisigino chake kikagusa gazeti chini ya benchi, kuhakikisha lipo.

"Cheka tu," Panzi akamgeukia. "Mimi kila kazi niliyofanya nimejifunza kitu."

"Kitu gani?" akauliza Bibi Titilia.

"Mlango wa nyuma uko wapi."

"Mjukuu wangu Hardeo, nikuulize mie ambaye sikusoma sana. Kazi umeruka zote hizo, lakini mke ni yule yule tangu ukiwa mwembamba. Mbona kule hujaruka?"

"Kule, Bibi, mwajiri ni mkali. Ukimpelekea mzigo wa kava wa kuaga haupokei. Anaushika, anakupiga nao."

Bibi Titilia akacheka akirudi nyuma, akanyoosha mguu ili asianguke, na mguu ukagota kitu chini ya benchi la Bawaba. Akainama. Akatoka nacho. Ni mizizi ya kava, mirefu, mikavu, imefungwa vizuri kwa utepe mwekundu.

"Huu ni mzigo wa kuagia," alisema taratibu. Kisha akaugeuza, akaunusa, uso ukabadilika. "Na haukutoka kwangu. Eroni, umenunua kava kwa nani?"

"Kwa yule wa pale getini, Bibi."

"Yule anayechanganya na vumbi?"

"Nilijua nikinunua kwako utaniuliza wa nini."

"Sasa nakuuliza bure. Wa nini?"

Hapo Bawaba hakuwa na pa kukimbilia. Akawaambia. Kuna mama anaitwa Arieta, mpishi mkuu wa hoteli moja kubwa, na anamtaka Bawaba akawe mkuu wa mikate huko. Sasa hivi yuko sokoni ananunua majimbi. Akimaliza atasimamisha gari hapo nje, apate jibu, na leo ndiyo mwisho. Akikataa, kuna jamaa wa mji wa Ba kashafunga aproni, anasubiri.

"Huko wanaoka mikate ya kila aina," alisema Bawaba, na macho yakamtoka kama mtoto anayehadithia sherehe. "Ipo ya zabibu. Ipo ya kusuka kama nywele. Ipo mingine ina tundu katikati, sijui tundu ni la nini. Kwa Mzee Bechu tangu nianze tunaoka mkate mmoja, ule mrefu. Nilishawahi kumwambia tujaribu wa mviringo. Akaniuliza, watu watauweka wapi?"

"Basi nenda," alisema Panzi. "Unangoja nini, king'ora?"

"Mzee Bechu je? Mkewe hayupo, mikono inatetemeka, hawezi kukanda hata chapati yake. Niende nimuache na tanuri linamwangalia?"

"Kwa hiyo unakwenda au unabaki?" akauliza Bibi Titilia.

Bawaba akanyoosha mkono. "Nipe kifuu kimoja, Bibi."

Akanywa. Wakampigia makofi. Bibi Titilia akamuuliza tena, unakwenda au unabaki, naye akaomba kingine.

"Huyu atatumalizia bakuli," alisema Redio, "na jibu hatutalipata."

"Tatizo siyo kwenda," Bawaba akasema hatimaye. "Tatizo ni kuaga. Nimeshawahi kujaribu. Siyo mara moja."

Na hapo lazima ujue. Mtu wa kule haondoki kwa mdomo mtupu. Unapeleka mizizi, unakaa chini, unaiweka mbele ya mwenyeji wako, unamsifu yeye na nyumba yake na waliomtangulia, ndipo unasema, naomba ruhusa niende zangu. Yeye anaugusa mzigo, anasema nimepokea, umeachiwa. Lakini mkono wake ukishagusa, hotuba imekwisha, hata kama neno lilikuwa nusu mdomoni. Sasa Bawaba alikuwa na sifa ndefu, na Mzee Bechu alikuwa na magoti mabovu, hawezi kukaa chini muda mrefu.

"Mara ya kwanza," alisimulia Bawaba, "nikaanza na baba yake aliyejenga tanuri. Nikaja kwa mama yake. Nikamsifu marehemu mkewe. Nikafika kwenye pipa la unga, na mzee mkono huo, 'Nimepokea, mwanangu, asante.' Kinu hicho kikaletwa, mizizi ikatwangwa. Tukanywa. Nikarudi nyumbani bado nina kazi."

"Na mara ya pili?"

"Nikapunguza. Nikamruka mama yake. Nikafika mbali kidogo, mpaka kwenye hamira. 'Nimepokea.' Akafurahi hadi akalia. Akawaambia wateja, oneni, kijana wangu kaniletea kava bila sababu yoyote."

Redio alikuwa ameweka gazeti usoni, mabega yanatikisika.

"Mara ya mwisho ndiyo mbaya zaidi. Nilimkuta naye ana mzigo wake mezani, mpya kabisa, utepe huo huo. Kabla sijafungua mdomo akasema, 'Hata wewe?' Tukaichanganya yote miwili. Tukanywa hatusemi neno, yeye ananitazama, mimi namtazama. Mikate ya asubuhi yake ikaungua yote."

"Alikuwa na mzigo wa nini?" aliuliza Bibi Titilia.

"Ningemuulizaje, Bibi? Nilikuwa sihisi ulimi."

Panzi akasimama, akajipangusa suruali. "Wewe huna tatizo la moyo, una tatizo la mpangilio. Mimi nimeaga waajiri wengi kama sahani za karamuni, sikiliza fundi. Kuondoka kwanza, sifa baadaye. Kaa hapo chini. Mimi ndiye Mzee Bechu."

Akaketi mkekani, akakunja uso, akajishika goti, akaguna. Alifanana naye mno. Hata Bibi Titilia alijikuta anafuta mikono ili amwamkie.

Bawaba akakaa mbele yake, akaweka mzigo, akapiga makofi yale ya heshima. Akakohoa.

"Bwana wangu," alisema, "baba yako aliyejenga tanuri…"

"Nimepokea," alisema Panzi, akiugusa.

"Rudia," alisema Redio.

Bawaba akaurudisha mzigo, akavuta pumzi. "Bwana wangu. Naondoka."

"Enhee."

"Naondoka… kwenye nyumba hii njema, ambayo mama yako, mwenye mikono laini…"

"Nimepokea," alisema Panzi. "Ndugu yangu, kuna mama gani hapa? Mama yangu mimi yuko Rakiraki anauza bamia."

Banda zima sasa lilikuwa hoi. Redio alikuwa chini kabisa, gazeti limempasukia. Bibi Titilia alikuwa anajipepea na kifuniko cha sufuria, anaomba waache, mbavu zake ni za zamani. Bawaba mwenyewe alikuwa anacheka machozi, akaurudisha mzigo mara ya tatu, akainua viganja, akafumba macho ili asimwone Panzi.

"Bwana wangu," alisema kwa sauti kubwa, "naondoka bekari. Naomba ruhusa yako. Basi."

Hakuna aliyesema nimepokea. Hakuna aliyecheka. Bawaba akafumbua macho.

Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Bechu, kashika kizingiti kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umekumbatia kitu kilichofungwa kwa gazeti, na utepe mwekundu.

Panzi aliyekuwa amejishika goti akaliachia. Mzee Bechu hakuwahi kuja bandani pale, siku zote huagiza. Akaingia polepole. Akamtazama Bawaba, akautazama mzigo ulio mkekani, akamtazama Panzi aliyekaa pale ambapo angepaswa kukaa yeye.

"Nimeenda kwako, mkeo kaniambia uko huku," alisema. Akashuka chini kwa shida, goti moja, halafu la pili, Redio akimshika kiwiko. Akauweka mzigo wake mbele ya Bawaba, ubavuni mwa ule mwingine. Akapiga makofi.

"Mie sijui sifa ndefu," alisema. "Eroni, mwanangu, naondoka. Binti yangu ananiita ng'ambo, Brisbane, nikakae na wajukuu. Nataka kulizima tanuri. Naomba ruhusa yako."

Bawaba akautazama mzigo ule, kisha wa kwake.

"Nimetaka kukwambia zamani," Mzee Bechu akaendelea, haraka, kama mtu anayeogopa kuguswa mzigo. "Kila nikijiandaa, wewe huyo unakuja na kava. Nasema moyoni, huyu kijana ananipenda namna hii, hata hana sherehe ananiletea mizizi mikubwa, nitamfungiaje kazi? Siku ile nimeshanunua wangu, nimeshauweka mezani, nakusubiri uingie nikuage. Unaingia na wa kwako. Nikavunjika moyo kabisa."

"Mzee," alisema Bawaba, "na mimi nilikuwa nakuja kuaga."

"Lini?"

"Mara zote."

Mzee Bechu akamtazama. Midomo ikaanza kumcheza. Kilianza kifuani kama kikohozi, kikapanda, kikawa kicheko kisicho na meno mengi, na Bawaba akakidaka, na Redio, na Panzi, na Bibi Titilia akaangusha kifuniko cha sufuria kikaviringika hadi nje sokoni. Watu waliokuwa wananunua biringanya wakachungulia kuona kuna nini. Wazee wawili, wanashikana mabega, wanalia kwa kucheka, kati yao mizigo miwili ya kava.

"Kwa hiyo tumefungana," Mzee Bechu alisema akijifuta. "Mimi nimekaa kwa ajili yako, wewe umekaa kwa ajili yangu."

"Na mkate mmoja," alisema Bawaba.

"Na mkate mmoja. Hata mie nimeuchoka ule mkate. Nyumbani nakula mihogo."

"Mzee, si ungekubali ule wa mviringo?"

"Nilidhani wewe ndiye unaupenda mrefu. Ulikuwa unaupiga piga mgongoni ukitoka tanurini, kama mtoto."

Bibi Titilia alikuwa ameshasogeza kinu. "Na hoteli?" aliuliza. "Mzee Bechu, unajua kwamba kuna hoteli inamtaka?"

Mzee akaangalia mkeka. "Yule Arieta nilimpelekea mikate mimi. Nikamwambia, mikono iliyokanda hii, ukiipa unga mzuri utaona. Sikutaka kulizima tanuri kijana wangu hana pa kwenda."

Bawaba hakucheka tena. Aliweka kiganja kwenye paja la mzee wake na kukiacha hapo.

Panzi akasogea karibu. "Samahani, Mzee. Kwa hiyo tanuri lenyewe litabaki wazi? Nauliza tu. Niko kati ya kazi na kazi."

Mzee Bechu akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe nakujua. Nilikuajiri siku moja. Nilikutuma hamira asubuhi, hujarudi mpaka leo."

"Foleni ilikuwa ndefu," alisema Panzi.

Honi ikalia nje. Ni gari jeupe, nyuma majimbi yamejaa hadi yanataka kumwagika. Mama mmoja mnene mwenye ua sikioni akashusha kioo, na injini hakuizima.

"Eroni," aliita. "Nimeshamaliza. Nipe neno, nina wageni wa jioni."

Bawaba akamgeukia Mzee Bechu, ambaye bado alikuwa chini anasubiri, mzigo wake haujaguswa. Magoti yalikuwa yanamuuma, ilionekana. Basi Bawaba akanyoosha mkono, ule mkono wenye alama za tanuri, akaugusa utepe.

"Nimepokea," alisema. "Nenda, baba. Wasalimie wajukuu."

Kisha akausukuma wa kwake mbele kidogo, akanyamaza. Hakuongeza baba mtu, wala mama mtu, wala pipa la unga. Na Mzee Bechu, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakufanya haraka. Alingoja. Aliacha nafasi ya sifa zote. Alipoona hazitakuja, akaugusa.

"Nimepokea, mwanangu. Umenitumikia, nami nimekula jasho lako. Nenda."

Wakapiga makofi banda zima, yale mazito ya viganja vilivyoviringwa, Redio akifunga macho. Bibi Titilia akavuta mizigo yote miwili kwenye kinu, ule wa getini akiunusa tena na kusonya.

Mama Arieta akapiga honi ya pili. "Jamani, majimbi yanaiva humu. Unakuja au huji?"

Bawaba akainuka. Akajikung'uta unga ambao hakuwa nao, akatoka mpaka dirishani mwa gari, akainama, akaweka viwiko vyote viwili pale kioo kilipoingilia. Ndani ya banda watu walisogea mlangoni. Hata mchi ulisimama.

"Nakuja, mama," alisema. "Ila kabla sijaja, nifahamishe jambo moja. Hapo kwenu, mtu akitaka kuondoka, anamwambia nani, na je, huyo mtu anakunywa kava?"